Kadhi Bila Ngazi ya Rufaa

Ndugu zangu katika imani, kila ukifunguliwa mjadala wa Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara, hurudi hoja ileile: nchi moja haiwezi kuwa na mahakama za namna mbili. Hoja hii ni dhaifu. Marekani kila jimbo lina mahakama zake mpaka ya juu kabisa, na pembeni yake ziko za shirikisho. Talaka na mirathi kwa kawaida ni kazi ya majimbo, na Mahakama ya Juu ya Marekani haiigusi tafsiri ya sheria ya jimbo pasipokuwa na suala la sheria ya shirikisho.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Zanzibar, shauri la Kiislamu lililoanzia kwa Kadhi huishia Mahakama Kuu ya Zanzibar. Katiba yake ya 1984 imeifungia mlango Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Bara, makadhi waliondoshwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, lakini sheria ya Kiislamu ilibaki, mikononi mwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo.

Kasoro ya wenzetu wanaodai Kadhi ni kushughulika na nani ataketi kwanza na kusahau nani atasikiliza rufaa. Kenya hawakusahau: rufaa ya Kadhi ikifika Mahakama Kuu, jaji huketi na Kadhi Mkuu, au makadhi wawili, kama washauri. Kwetu, suala lilipoondolewa Bungeni mwaka 2015, hata swali hilo halikuwa limeulizwa ipasavyo.

Chukua Mkurya Muislamu anayefariki hapa Nyamwaga, ameacha mke, watoto na zizi la ng'ombe. Sharia imekwisha gawa: mjane thumni, binti nusu ya fungu la kaka yake. Mahakama haianzi na Suratun-Nisaa. Huuliza kwanza kama marehemu, kwa kauli, maandishi au mwenendo wake, alikusudia mali yake ifuate Uislamu au mila ya ukoo. Jina la Yusufu halitoshi. (Na wazee wa ukoo huwahi kufika kuliko mashahidi wa msikitini.) Kadhi akipatikana bila ngazi yake mwenyewe, hukumu yake itapanda Tarime, kisha Mahakama Kuu, kwa watu wasiolazimika kuijua faraidh.

Kwa sasa maimamu wawaandikishe watu tamko mbele ya mashahidi kwamba mirathi yao ifuate faraidh. Tamko hilo si wasia, hivyo haligusi mpaka wa theluthi.