Kila Kitu Hupitia Puani: Uuguzi wa Paka Mmoja Katika Nyumba ya Paka Wengi

Nyumba nyingi za Chale, pwani ya kusini ya Kenya, hazina paka mmoja. Zina watatu, wanne, pengine saba, na hakuna aliyekaa kitako akaipanga idadi hiyo. Samaki hushushwa ufuoni, matumbo na mapezi hutupwa hapo hapo, paka jike huzalia juu ya dari chini ya makuti, na watu wa pwani hawamfukuzi paka aliyekwisha kuzoea mlango. Ni hivyo hivyo Kinondo, Gazi mpaka Msambweni. Kwa hiyo ugonjwa ukiingia, kazi kubwa huwa ni kumuuguza mmoja huku wenzake wanakula, wanalala na wanagombana chini ya paa lile lile.

Nyumba ninayotaka kuichambua ni ya jirani yangu, mama mwenye paka wa kutosha kujaza kizingiti. Mgonjwa alikuwa shume wa kijivu, mkubwa, aliyeshikwa na mafua ya paka wakati wa kusi. Alikuwa na chafya, matongo machoni, kamasi nzito iliyoziba pua, na kidonda kwenye ncha ya ulimi. Daktari wa mifugo alikuja kutoka Ukunda, akampima, akaacha dawa. Lakini dawa si sehemu ngumu ya kisa hiki. Ugumu ulianza chafya zilipopungua, watu wakasema amepona, naye bado hali kitu.

Mafua ya paka kwa kawaida huletwa na virusi vya aina mbili, hepesi ya paka na kalisi. Kidonda cha ulimini mara nyingi ni alama ya kalisi. Virusi hivi haviambukizi binadamu. Dawa aliyoacha daktari ilikuwa doksisaiklini, ambayo haiui virusi. Kazi yake ni kuzuia bakteria wanaoingia baada ya virusi kuchubua njia ya hewa. Kidonge chake kikimezwa kikavu huweza kukwama kooni mwa paka na kuchoma umio mpaka ukafanya kovu na kuwa mwembamba. Jirani yangu aliambiwa hilo, akalishika. Kila baada ya kidonge, alimpa shume mililita 5 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole, kupitia pembeni mwa mdomo. Ni jambo dogo, na katika nyumba nyingi hurukwa.

Sasa tuje kwenye pua, maana hapo ndipo uuguzi wote ulipofaulu.

Paka huamua kula kwa kunusa. Pua ikiziba, chakula hakina maana kwake, hata kikiwa samaki aliyetoka baharini asubuhi hiyo. Na paka hawezi kukaa na njaa kama mbwa. Akipitisha siku mbili tatu bila kula, hasa aliye mnene, mwili huanza kuyeyusha mafuta na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ini hujaa mafuta, ufizi na macho hugeuka manjano, na paka aliyekuwa anapona mafua hufa kwa ini. Watu husema mafua yamemrudia, kumbe ni njaa iliyomwua.

Jirani yangu alianza na pua kabla ya chakula. Alichemsha maji, akayapoza, akatia chumvi karibu nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, akachovya kitambaa cha pamba na kulainisha ukoko wa kamasi mpaka ukatoka wenyewe bila kuvutwa. Macho aliyafuta kwa kitambaa kingine, jicho moja upande mmoja wa kitambaa, jicho la pili upande wa pili. Kisha alimweka shume katika chumba cha uani pamoja na sufuria ya maji yanayofuka mvuke, mbali asipoweza kuifikia, mlango umefungwa, kwa muda wa dakika kama kumi. Mvuke hulegeza kamasi. Baada ya hapo ndipo chakula kililetwa, kamasi ikiwa bado laini na pua ikiwa wazi.

Chakula chenyewe kilichaguliwa kwa harufu. Kibua mnono alichemshwa bila chumvi wala kitunguu, akatolewa miiba, akapondwapondwa kwa supu yake, akapewa akiwa na uvuguvugu wa mwili wa paka mwenyewe, kiasi cha nyuzi 38. Kibua ana mafuta, na mafuta yakipashwa moto hutoa harufu kali. Changu wa baridi asingefaa hapo, ingawa kwa sahani ya binadamu ndiye bora. Kuchemsha nako kuna sababu ya pili: baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukivunja.

Kuhusu kitunguu sitanii hata kidogo. Mabaki ya mchuzi wa samaki ndiyo chakula cha paka katika nyumba zetu, na kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Mzima akilamba kidogo huenda usione kitu. Mgonjwa aliyekonda hana akiba ya damu ya kupoteza.

Wapo waliomshauri amkorogee uji mtamu au maziwa ya sukari, maana ndivyo tunavyomrudisha mtoto kwenye chakula. Kwa paka sukari ni kazi bure. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, walionyesha kwamba jeni moja inayounda kipokezi cha utamu kwenye ulimi imeharibika kwa paka. Haonji utamu kabisa. Na maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi waliokwisha kuachishwa ziwa, nao mwili uliopungukiwa maji hauhitaji kuhara.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni namna alivyopima. Hakutegemea macho. Manyoya huficha ukondevu, na shume wa kijivu huonekana mnene mpaka umpapase uti wa mgongo. Alimtia kwenye kikapu, akakipeleka kwa wachuuzi wa samaki, akakipima kwenye mizani yao, kisha akakipima kikapu kitupu na kutoa. Shume wa kilo 4 akipoteza gramu 400 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hapo inafaa arudi kwa daktari bila kungoja. Kwa uzito huo anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku ili tu mwili usijile wenyewe, yaani kama gramu 150 za nyama ya samaki mwenye mafuta. Ukijua kiasi hicho, unaacha kusema "amekula kidogo" na unaanza kusema amekula nusu au robo.

Chakula hakikuachwa chumbani kutwa. Kiliwekwa, na baada ya nusu saa kisipoliwa kilitolewa, kikaletwa kingine kipya baadaye. Harufu ya chakula kilichochacha humkinaisha mgonjwa, na kinaa hiyo huweza kubaki hata pua ikizibuka. Kwa sababu hiyo hiyo hakumlisha kwa nguvu. Alimpaka kidogo tu mdomoni ili alambe.

Watoto wa nyumba walilalamika. "Mama, mbona umemfunga?" Akawajibu: "Sikumfunga, mwanangu. Nimemtafutia nafasi ale."

Jibu hilo lina hekima kuliko lilivyosikika. Wengi hudhani kumtenga mgonjwa ni kuwakinga wenzake. Ukweli ni kwamba kufikia chafya ya kwanza, paka wote wa nyumba hiyo walikuwa wameshalambana na kula karai moja, na virusi hivi huchukua siku chache kabla ya kuonyesha dalili. Kutenga kulipunguza wingi wa virusi walivyovuta wengine, na hilo lina faida, lakini faida kubwa ilikuwa kwa mgonjwa mwenyewe. Paka aliyezibwa pua hula polepole, na katika karai la pamoja mwenye kula polepole halambi chochote. Tena ukiwa na paka sita na choo kimoja, hujui ni nani aliyekojoa, nani amefunga choo. Chumbani, karai kuukuu la mchanga lilieleza yote.

Utaratibu wa kazi nao ulinyooka. Wazima walihudumiwa kwanza na mgonjwa mwisho, na baada yake mikono ilioshwa kwa sabuni na leso ya kazi ikavuliwa. Alitenga bakuli zake pia. Kinyume cha hapo ungebeba kamasi kwa vidole vyako kutoka mgonjwa hadi kitoto.

Kwenye usafi ndipo nyumba nyingi hujiletea msiba. Dettol, ambayo kila nyumba inayo, haifai palipo na paka: ini lake halimudu kemikali za jamii hiyo, naye hujilamba nyayo zilizokanyaga sakafu. Jirani yangu alitumia sabuni kwanza kuondoa uchafu, kisha Jik, sehemu moja kwa sehemu ishirini za maji, ikaachwa dakika kumi, ikasuuzwa mpaka harufu ikaisha. Mchanga wenye mkojo uliondolewa kabla, kwa sababu Jik ikikutana na mkojo hutoa hewa yenye sumu. Hepesi ya paka haidumu sana nje ya mwili, haifikishi hata siku moja. Kalisi hukaa zaidi, siku na pengine wiki. Lau ugonjwa ungekuwa ule wa vitoto wa kutapika na kuhara unaoletwa na pavo, hesabu ingebadilika kabisa, maana virusi hivyo huweza kukaa ndani ya nyumba mwaka mzima, na aliyepona huweza kuvitoa kwenye kinyesi hadi wiki sita.

Nitaje na Panadol, maana mtu wa nyumbani mwenye huruma akimwona paka ana homa huikumbuka mara moja. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka mzima. Damu hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka wa kahawia, uso na nyayo huvimba. Hakuna kipimo kidogo cha kujaribu.

Hatua ya mwisho ilikuwa kumrudisha shume kwa wenzake, na hapa tena ni suala la pua. Paka wa nyumba moja hutambuana kwa harufu ya pamoja wanayojengeana kwa kusuguana mashavu na kulala pamoja. Aliyekaa chumbani na dawa hutoka akinuka ugeni. Hupokewa kwa kufokewa na makucha hata na ndugu wa tumbo moja, naye kwa udhaifu wake hukimbilia nje akalale kichakani, uuguzi wote ukapotea usiku mmoja. Jirani yangu alitumia leso mbili kuukuu. Moja alilalia mgonjwa, nyingine wakalalia wenzake, kisha zikabadilishwa, na zikabadilishwa tena. Baadaye waliwekewa chakula pande mbili za mlango uliofungwa, kila upande ukisikia harufu ya mwenzake pamoja na harufu ya samaki. Mlango ulipofunguliwa ulifunguliwa saa ya kula, bakuli zikiwa mbali mbali. Kulikuwa na mfoko mmoja, kisha kila mmoja akainamia chakula chake. Hakumwosha kabla ya kumtoa, na alifanya vyema, maana sabuni ingefuta hata ile harufu kidogo aliyobaki nayo.

Naona kosa la kawaida zaidi katika pwani yetu si kukosa dawa, bali kufungua mlango mapema, siku ile ile mgonjwa alipoacha kupiga chafya. Mizani ndiyo iamue. Uzito ukirudi na kubaki, mfungulie.

Tena kupona si kutakata. Hepesi hubaki ndani ya mishipa ya fahamu ya paka maisha yake yote, na huamka akipata msukosuko: kuhama nyumba, kuzaa, kuletewa mgeni. Kalisi hutoka mwilini taratibu. Siku 75 baada ya maambukizi, kama nusu ya paka bado wanaitoa. Shume wa jirani yangu ana afya, lakini kwa kitoto kitakachookotwa ufuoni kesho yeye bado ni hatari.

Kwa hiyo, msomaji mwenye paka wengi, usimwingize mpya miezi ya kwanza baada ya mafua. Ukimwokota, mweke chumba chake wiki mbili. Chanjo ya mafua na pavo huanza kitoto akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16, na ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12. Mgonjwa asichanjwe mpaka apone. Na paka aliyebadilika tabia ghafla, akaanza kushambulia au kudondosha mate, usimshike kumuuguza, maana huenda ana kichaa hicho. Akikuuma, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.