Mkono Ulio Nyuma ya Bati

Gari likimaliza mwaka Muhumba bila bonyeo hata moja, ujue halijatoka uani. Na huko uani nako si salama sana, maana nyua za mtaa huu, hasa za zile nyumba kubwa zilizojengwa enzi za Wabelgiji mji wetu wa Bukavu ulipoitwa Costermansville, zina miparachichi iliyopita mapaa kwa urefu, na parachichi likiiva halipigi hodi kabla ya kuiangukia boneti. Nje ya geti kuna motari anayejipenyeza kati ya magari mawili yanayopishana kwa shida, na abiria wake amepakata bidoni la mafuta ya kupikia. Kuna mtoto na mpira wake. Kuna mwenzako aliyefungua mlango wa gari lake kwenye mteremko ukamponyoka. Hakuna kati ya hawa aliyefanya ajali ya kuandikiwa karatasi. Wamekuachia kijishimo cha upana wa kiganja, rangi haijapasuka, na gari linatembea kama jana.

Wengi tunalipeleka garaji. Fundi analitazama dakika moja, anachukua nyundo, anapiga kutoka ndani mpaka lile shimo linageuka kilima, anapiga kutoka nje mpaka kilima kinakuwa uwanda wenye makovu, kisha anafunika yote kwa mastiki, anasugua kwa msasa, anapulizia rangi inayokaribiana na ya gari. Ukilitazama jioni limependeza. Baada ya misimu miwili ya mvua mastiki inapata ufa, maji yanaingia chini yake, na siku inapobanduka unaona kutu imekula eneo mara tatu ya lile bonyeo la mwanzo. Simlaumu fundi huyo kupita kiasi. Tumemzoesha kwamba tunataka gari leo hii na kwa bei ya leo hii, na mastiki ndiyo dawa pekee inayokubali haraka ya namna hiyo.

Ninayetaka kumsifu ni mtu mwingine: yule anayekaa chini nyumbani kwake Jumamosi asubuhi, kwenye kigoda kando ya mlango wa gari, akasukuma bati kutoka nyuma kidogo kidogo mpaka lirudi lilikotoka, rangi ya kiwandani ikiwa haijaguswa. Watu hao wapo Bukavu zaidi ya tunavyodhani, na wameongezeka. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji na benki zikafunga milango, pesa taslimu zimekuwa za kuhesabiwa mara mbili, na bonyeo ni la kwanza kufutwa kwenye orodha ya matumizi. Uhaba ndio uliowapeleka watu wengine kwenye kazi hii. Uzuri wa kazi, hata hivyo, hautokani na uhaba.

Unatokana na tabia ya chuma. Bati la mlango wa gari la siku hizi lina unene wa takriban milimita 0.7 au 0.8. Likandamize kwa kidole gumba, litaingia, na ukiachia litarudi lenyewe. Likandamize kupita kiwango fulani, halirudi tena. Sasa, bonyeo lina hali hizo mbili kwa pamoja, na hapa ndipo watu wengi wanapolikosea. Pale pigo lilipotua, na kwenye ukingo mdogo ulioinuka kulizunguka, chuma kimekunjwa kweli na kimekubali umbo jipya. Lakini sehemu yote iliyobaki, ule mteremko mpana kati ya ukingo na kitovu, kwa kawaida haijaharibika. Inataka kurudi. Imezuiwa tu na majirani zake waliokwama. Bonyeo la upana wa kiganja linaweza kuwa na madhara halisi yasiyozidi upana wa sarafu. Kilichobaki ni bati zima lililoshikwa mateka.

Ukishalielewa hilo, nyundo kubwa inaanza kukutia aibu. Chuma kikigongwa kati ya nyundo na fuawe kinakuwa chembamba na kinatanuka. Kikishatanuka, nafasi yake ya zamani haikitoshi tena. Kinavimba, na ukikigusa kinaruka ndani na nje kwa mlio wa kifuniko cha kopo. Juu ya hayo, kila kunjo linakiongezea ukaidi: chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa kinakuwa kigumu zaidi mahali hapo, na mwishowe hupasuka. Anayepiga sana anaumba kazi mpya juu ya ile aliyoletewa. Ni kama kutoa mwiba: ukiuvuta kwa hasira unaukatia ndani.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote na sasa amestaafu, ana kipande cha springi ya lori alichokitengeneza mwenyewe. Kina urefu wa mkono hadi kiwiko, ncha yake imepindwa kidogo, ikasuguliwa kwenye jiwe mpaka ikawa duara laini, kisha ikafungwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi. Hiyo ndiyo karakana yake. Kwanza anakipandisha kioo cha dirisha hadi juu ili kisikae kwenye njia ya chuma. Halafu anatafuta tundu chini ya mlango, lile dogo ambalo wenye magari wengi hawajui kama lipo, analipima kwa macho, anaingiza chuma taratibu. Hajachomoa kitasa, hajabandua kitambaa cha ndani.

Kinachofuata ni cha kutazamwa kwa karibu. Yeye yuko nje, ncha ya chuma iko ndani gizani, na lazima ajue iko wapi hasa. Haangalii bonyeo. Anaangalia taswira ya vyuma vya geti inayong'aa kwenye rangi ya mlango. Vyuma hivyo vimesimama wima, vimenyooka, mpaka vinapofika kwenye bonyeo. Hapo taswira yao inabanana na kujipinda. Anaigusisha ncha kwenye bati bila nguvu, na kwenye taswira mstari mmoja unatikisika. Ncha iko pale. Anaisogeza, mtikisiko unasogea. Mjukuu wake, aliyekuwa akijaribu baada yake, alitaka kubamiza. "Usipige, mtoto. Sukuma tu," alimwambia. "Papa, lakini halitoki!" "Litatoka. Anza pembeni, katikati utapakuta mwisho."

Kwa nini pembeni? Kwa sababu ukingo ndio uliofunga mlango nyuma ya bonyeo. Mzee anakaza ncha chini ya mteremko kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anagonga ukingo ulioinuka kwa kipande cha mpini wa jembe alichokichonga ncha butu. Anagonga taratibu sana, kiasi kwamba hata mgongo wa ukucha ungestahimili. Ukingo unashuka kidogo, mteremko unapanda kidogo. Kila msukumo unasogeza bati chini ya unene wa karatasi. Anazunguka bonyeo, anarudi alipoanzia, anazunguka tena katika duara dogo zaidi. Mara nyingine sehemu moja ya ukingo ikilegezwa, nusu ya bonyeo inajitoa yenyewe kwa "tap!" moja, nayo ni ile nusu iliyokuwa mateka. Mara nyingine anasukuma kupita kiasi na kijivimbe kama punje ya mtama kinajitokeza. Anakirudisha kwa mpini uleule. Hana hasira nacho. Kadiri anavyokaribia kumaliza ndivyo anavyozidi kupunguza nguvu, na hilo ndilo linalomtenga na fundi wa haraka: nguvu yake kubwa aliitumia mwanzoni, na kwenye kumalizia ni kama hafanyi kitu.

Taswira ndiyo shule ya kazi hii. Jua la saa sita halifai, linafuta vivuli; asubuhi na jioni mwanga unapolala juu ya ziwa ndipo bati linasema ukweli. Asiye na geti la vyuma huchukua kipande cha katoni nyeupe, akakibandika mistari ya utepe mweusi, akakiegemeza kwenye kiti mbele ya mlango. Mistari ikinyooka, bati limenyooka. Kwa kiganja pia inawezekana, ila kiganja kikavu hukwama kwenye rangi na kudanganya. Weka kitambaa chembamba kati ya mkono na gari, uteleze mkono mzima, vidole vikiwa vimelala. Utahisi kile jicho lilichokikosa.

Rangi ya kiwandani ndiyo sababu ya subira yote hii. Tabaka zake zote pamoja hazizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini zimeokwa kwenye chuma kwa joto ambalo hakuna garaji ya kando ya barabara inayoweza kuliiga. Inakubali kupinda pamoja na bati iwapo hukuiharakisha na iwapo haina baridi. Asubuhi za Bukavu zina ubaridi, kwa hiyo acha gari lipate jua kidogo kwanza, au lipashe kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto.

Ufundi huu si wa kale. Magari ya mwanzo yalikuwa na mifupa ya mbao, na aliyeyatengeneza alikuwa ndugu wa seremala. Ni kampuni ya Edward Budd ya Philadelphia iliyoanza kukandamiza bodi nzima za chuma kwa mashine, ikaiuzia Dodge kabla mwaka 1914 haujaisha, na mwaka 1924 Citroën akaipeleka njia hiyo Ulaya kwa gari lake la B10. Toka hapo karibu kila gari duniani limekuwa bati la kubonyea, na kila mji ukalazimika kuzaa watu wa kulinyoosha: Gerezani kule Dar es Salaam, na Katwe ya Kampala ambako nyundo hazinyamazi tangu asubuhi. Mikono ya huko inajua chuma kuliko wengi wenye shahada. Ukiwapa muda, watakufanyia kazi ya kuheshimika.

Bampa lina habari yake, na ni habari fupi. Si chuma, ni plastiki, mara nyingi polipropileni, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 160 lakini hulainika mapema zaidi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Zinatosha. Mimina birika polepole juu ya bonyeo, ingiza mkono wenye glavu nyuma, sukuma, kisha mwagia maji baridi lishike. Mtoto wa shule anaweza, mradi mkubwa ndiye anayeshika birika.

Kuna mbinu zinazosifiwa kuliko zinavyostahili. Ile ya kupasha bati kisha kulipulizia hewa ya baridi kali hufanikiwa pale tu ambapo bonyeo lote lilikuwa mateka na lilikuwa likingoja kisingizio cha kutoka. Mpira wa kuzibulia sinki, ukilowanishwa, huvuta mabonyeo mapana yasiyo na kina, kwenye paa au boneti. Kwenye kijishimo cha parachichi unanyonya hewa tu. Gundi ya moto na kipini cha kuvutia ni afadhali, ila kwenye gari lililokwisha kupakwa rangi upya itaondoka na rangi hiyo, na hapo utajua fundi wa mwisho aliiandaaje.

Na kuna mahali pa kuinua mikono. Bonyeo lenye mkunjo mkali kama wa karatasi, bonyeo lililokaa kwenye ukingo wa mlango ambako bati mbili zimekunjwa pamoja, rangi iliyokwisha kupasuka: hayo mpelekee mwenye vifaa. Mlango wenye mfuko wa hewa wa usalama usiingizwe chuma ovyo. Fungua betri kwanza, na kama hujui mfuko uko wapi, usiguse. Land Rover za zamani zina bodi ya aluminiamu tangu ya kwanza ya 1948, na aluminiamu haina ile hamu ya kurudi iliyo kwenye chuma. Sumaku itakuambia: isiponata, chukua tahadhari mara mbili.

Nina maoni ambayo huenda yakamkera mwenye garaji. Mlango ulionyooshwa kwa njia hii ukabakiza kasoro ndogo inayoonekana kwa kuinama ni bora kuliko ule uliojazwa mastiki ukawa kama kioo. Kasoro hiyo haitapasuka, haitaficha kutu, na anayenunua gari kesho anaona kwa macho yake anachonunua. Yale magari ya mkononi yanayotufikia kutoka Japani, usukani kuume katika nchi inayoendesha upande wa kulia, mengi yana mastiki ambayo hakuna aliyetuambia habari zake. Pita na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kabla hujalipa.

Ukimaliza kusukuma, kumbuka kwamba chuma chako kimekwaruza rangi ya ndani ya mlango. Rushia mafuta mazito au nta kupitia tundu lilelile. Na hata kama gari lako halina bonyeo, inama leo uyatazame yale matundu ya chini ya milango, uyazibue kwa spoki ya baiskeli. Maji ya mvua huingia kwa juu kwenye mpira wa kioo na hayana pengine pa kutokea. Tope la Muhumba likiyaziba, mlango unaozea kwa ndani. Mvua zinaanza Septemba.