Malungu ya Ufipa

Anayetaka kuijua Ufipa asifikie mjini. Sumbawanga ina nyumba za wageni za kutosha, ina soko, ina stendi yenye fujo zake, lakini usiku wake ni wa muziki na pikipiki. Mimi hupenda kufikia kijijini, upande wa Chala, njia ya Namanyere, kwa mama mmoja mwenye chumba cha ziada na sufuria ya maharage isiyokauka jikoni. Julai baridi ya huko haina mzaha. Asubuhi unakunywa chai ukiwa na koti, unadaka Noah au bodaboda, unakwenda kuzunguka vilima vya kale, na jioni unarudi kula ugali wa ulezi. Sijapata ratiba iliyo bora kuliko hiyo.

Wageni wakisikia kwamba juu ya uwanda huu wa Ufipa kulikuwa na makao ya watemi, hutazamia kuta na malango kama ya Kilwa. Hawayaoni, wanapiga picha ya ng'ombe na kuondoka. Wafipa walijenga kwa udongo, miti na nyasi, na vitu hivyo havimsubiri mtalii. Milanzi, ambayo siku hizi imemezwa na Manispaa ya Sumbawanga, masimulizi yanaitaja kuwa kiti cha kwanza cha utemi, chini ya mlima Itwelele, na mtemi wa kwanza wanamwita Ntatakwa. Wazee husimulia kwamba siku moja mtemi akiwa mawindoni walifika wanawake wageni watatu, na mke wa mtemi, kwa ukarimu au kwa woga, akawapa kigoda cha mumewe wakalie. Mtemi aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha kwenda. Ukoo wa wale wageni, Watwa, ukatawala, na baadaye ukagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Mtemi wa Milanzi akaachiwa mlima wake, kijiji chake na heshima ya matambiko. Kila nikisimama pale nawaza kuwa nchi hii ilipotezwa kwa adabu, jambo ambalo si la kawaida katika historia.

Ila kilichonifanya nirudi Ufipa mara kwa mara si watemi. Ni malungu.

Ilungu ni tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma, na mengine bado yamesimama mashambani, katikati ya mahindi na alizeti, yakitazamwa na watu wanaopita kwenda kisimani. Likiwa zima hufikia kama mita tatu, yaani linamzidi mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Chini ni pana, juu linabana, na kuzunguka unyayo wake kuna matundu. Halikuvukutwa. Hapo ndipo penye maajabu yake: moto ukishashika, hewa ya moto hupanda mpaka mdomoni juu na kuivuta hewa baridi ipite matunduni chini, na urefu wa tanuri ndio unaofanya kazi ambayo kwingine hufanywa na vijana wanaotokwa jasho kwenye mivukuto. Mkaa na mawe vilipakiwa kwa zamu kutokea juu, moto ukawashwa, kisha ukaachwa uwake usiku na mchana. Mafundi walikaa, wakangoja, wakasikiliza.

Tena hapo kazi ilikuwa haijaisha. Kilichotoka kwenye ilungu kilikuwa donge chafu, chuma kilichochanganyika na mavi yake. Kilipelekwa kwenye tanuri la pili, kintengwe, dogo la kufika magotini au mapajani, na huko sasa mivukuto ilihitajika. Baada ya hapo ndipo kilipofika kwa mhunzi afue jembe, shoka au mkuki. Jembe moja, mioto mitatu.

Nilitia mkono kwenye tundu la ilungu moja lililobaki nusu. Nje ni udongo mwekundu wa kichuguu, na ukiutazama karibu unaona alama za vidole vya aliyeukandika, vinne sambamba, vikiteremka. Alikuwa na mkono mdogo, pengine kijana. Ndani, sentimita chache tu kutoka kwenye vidole vile, udongo uleule umeyeyuka ukawa kioo cheusi chenye rangi ya kijani, umetiririka na kuganda kabla ya kudondoka. Sijui sanamu yoyote ya makumbusho iliyonishika vile.

Tanuri lilitendewa kama bibi harusi. Lilipambwa, likafanyiwa dawa, na wayeyushaji walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe, kwa kuwa ndoa ya wakati ule ilikuwa na lile ilungu. Kikapu cha dawa, intangala, hakikuguswa na kila mtu. R. Wise aliyaandika haya mwaka 1958 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na Greig alikuwa amemtangulia humo humo mwaka 1937. Miaka ya karibuni Profesa Bertram Mapunda ameutembea uwanda huu akiyachunguza malungu na kuyaandikia. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatukuambiwa. Tumeambiwa kwa Kiingereza, ni kweli, na mtoto wa shule ya kata anayechunga mbuzi kando ya ilungu hajaletewa hata ukurasa mmoja wa habari zake.

Chuma hicho ndicho kilichoilisha Ufipa. Uwanda huu una miti michache, ilhali jirani wa Wafipa, Wabemba, waliweza kukata matawi, kuyachoma na kupanda kwenye majivu. Wafipa hawakuwa na msitu wa kuchezea hivyo. Wao walikata nyasi, wakazipindulia chini ya udongo, wakafinyanga matuta ya duara, nyasi zikaoza na kuwa mbolea. Kazi hiyo haifanyiki kwa mti uliochongwa. Inataka jembe, tena jembe zito.

Siku nyingine nilishuka Kasanga, ambako Wajerumani walijenga boma na kupaita Bismarckburg. Magofu yapo, ziwa ni zuri, basi. Kalambo ni habari nyingine. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia, na juu ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine angalau miaka 476,000 iliyopita. Yamehifadhiwa na maji, kwa kuwa yalizama kwenye tope lisiloingiza hewa. Huku uwandani maji hayohayo, yakija kama mvua ya masika, yanayala malungu ambayo baadhi ya walioyajenga walishikwa mikono na babu zetu.

Sumbawanga mjini nilimkuta mhunzi chini ya turubai, anafua jembe kutokana na springi ya lori. Mvukuto wake ni feni inayozungushwa na ringi ya baiskeli, na mjukuu ndiye anayezungusha. Nikamwamkia, nikasimama kutazama. Alipoona chuma kimefikia rangi aliyoitaka, akakitoa bila haraka, akapiga, akakigeuza, akapiga, na kila baada ya mapigo machache nyundo iliangukia fuawe tupu, kidogo tu, kama anapumua. Nikamuuliza kama anajua kuyeyusha mawe.

"Mwanangu," akasema, "hiki kimeshapikwa na Mjapani. Mimi nakipasha tu."

Hakusema kwa masikitiko. Alikuwa na wateja wawili wakingoja, na jembe lake kwa uzito na mlio linayashinda yale ya dukani yanayojikunja kwenye udongo mkavu wa Septemba. Lakini babu yake alikuwa analianza kutoka jiweni.

Sidai watu warudi kuyeyusha. Mkaa wenyewe utatoka wapi? Ninachodai ni kidogo. Vijana wanabomoa vichuguu kwa ajili ya matofali ya kuchoma, na ilungu lililosimama ni udongo ulioshabomolewa na kuchomwa tayari. Nimeona vipande vyake vikiwa vimejazwa kwenye msingi wa choo. Malungu yaliyobaki yanahitaji paa tu dhidi ya mvua, fito nne na ezeko la kufumwa upya kila mwaka. Fundi wa kuezeka hajapotea, kila kijiji anaye. Na kama kuna kitu ambacho Ufipa haijawahi kupungukiwa, ni nyasi.