Viti vya Kanisa Vilivyofungua Nyumba za Myddle

Anayeandika historia ya nyumba kongwe za kijiji hukutana na ugumu uleule kila mara. Kuta zinaonekana, lakini hazitaji majina. Nyaraka zinataja majina, lakini mara nyingi hazisemi nani alikaa nyumba ipi. Katika parokia ya Myddle, kaskazini mwa mji wa Shrewsbury, kaunti ya Shropshire, Uingereza, mkulima mmoja aliupatia ugumu huo dawa zaidi ya miaka 300 iliyopita, na mbinu yake inastahili kuchambuliwa.

Richard Gough alizaliwa mwaka 1635 akafariki mwaka 1723. Alijua Kilatini, alipata kuwa karani wa bwana mmoja wa jirani, Robert Corbet, na maisha yake mengi aliyatumia shambani kwake Newton on the Hill, ndani ya parokia hiyohiyo. Mwaka 1700 aliandika kumbukumbu za parokia kwa mtindo wa zama zake: mipaka, kanisa, wachungaji, wenye ardhi. Lililomtofautisha na wenzake lilikuja mwaka uliofuata. Alichora ramani ya viti vya kanisa, akaonyesha kila kiti ni cha nyumba zipi, kisha akavipitia kimoja baada ya kingine akisimulia habari za familia zilizovikalia.

Kwa nini viti? Kwa desturi ya pale, haki ya kukaa katika kiti fulani ilifuata nyumba. Shamba likipata mpangaji mpya, mpangaji huyo Jumapili hukaa pale alipokaa aliyemtangulia. Kiti kimoja kirefu kiliweza kuwa cha nyumba mbili tatu, na ugomvi ukizuka, swali lilikuwa moja: nyumba hii ina haki hapa au haina? Kwa hiyo ramani ya viti ilikuwa pia orodha ya nyumba, tangu za mabwana waliokaa mbele hadi vibanda vya mafukara. Waandishi wengine wa wakati huo walifuata nasaba za wakubwa, na maskini wakaanguka njiani. Gough, kwa kufuata viti, alijifunga kumtaja kila mwenye mlango wake.

Ramani ilimpa mpangilio. Habari zenyewe alizitoa kwingine. Chanzo cha kwanza ni mikataba ya ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya Earl wa Bridgewater, na mikataba mingi ilidumu kwa uhai wa watu watatu waliotajwa ndani yake, kwa kawaida mume, mke na mtoto. Mkataba wa namna hiyo unakupa familia nzima ukiitaja kwa nyumba yake. Chanzo cha pili ni daftari za ubatizo, ndoa na mazishi, ambazo parokia zote za Uingereza ziliamriwa kuzitunza tangu mwaka 1538. Cha tatu ni kesi za parokia kuhusu nani alipaswa kumtunza fukara yupi. Cha nne ni kumbukumbu: aliyoyaona mwenyewe na aliyoyasikia kwa wazee.

Mchanganyiko huo ulizaa picha ambayo daftari peke yake lisingeitoa. Tunawaona walevi walioyanywa mashamba yao. Tunasoma habari za wanawake watatu waliokubaliana kuwapa waume zao sumu usiku mmoja. Mume mmoja akafa. Tunasoma kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, kati ya mfalme na Bunge, vijiji vya Myddle, Marton na Newton vilitoa wanaume 20 kumpigania mfalme, na 13 kati yao wakauawa. Hata pango lililoitwa Goblin Hole, lililogeuzwa makao ya watu, limo.

Je, aaminiwe? Mwanahistoria David Hey, katika kitabu chake kuhusu Myddle kilichotoka mwaka 1974, alimlinganisha Gough na daftari, wosia na hati za ardhi, akamkuta ni shahidi wa kutegemewa. Hata hivyo, mbinu ina mianya. Kiti kinamwonyesha mwenye nyumba. Mtumishi anayelala darini kwa tajiri hana kiti cha jina lake. Pia Gough anawajua watu kuliko majengo: ni nadra kutueleza chumba kipi kilikuwa wapi au paa liliezekwa lini.

Mianya hiyo watafiti wa leo huiziba kwa njia tatu. Mtu alipofariki, majirani waliorodhesha mali yake, mara nyingi chumba kwa chumba. Ukifuata orodha hiyo unaijua nyumba kwa ndani. Kati ya miaka 1662 na 1689 ilitozwa kodi ya meko, shilingi mbili kwa kila jiko kwa mwaka, hivyo idadi ya meko hudokeza ukubwa wa nyumba na uwezo wa mwenyewe. Njia ya tatu ni kuhesabu pete za mbao. Mafundi wa zamani waliunga fremu za nyumba kwa mwaloni mbichi, muda mfupi baada ya kuukata. Nguzo ikiwa bado na ukingo uliokuwa chini ya gome, na pete zake zikilingana na mfuatano unaojulikana, mwaka wa kukatwa mti hupatikana, na ujenzi haukuchelewa sana baada ya hapo.

Lakini pete za mbao hazitakuambia nani alilewa ndani ya nyumba hiyo, wala kodi ya meko haitasema kwa nini binti alitoroka. Nguvu ya Gough ni kwamba alipata kwanza orodha isiyombagua mtu, ndipo akaanza kusimulia. Anayetaka kuandika habari za kijiji chochote na aanze hapo: atafute orodha inayoshika nyumba zote, aipitie kwa zamu bila kuruka mlango wa maskini, kisha awaulize wazee wangali hai. Kazi ya Gough ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1834, miaka 111 baada ya kifo chake, na bado ni miongoni mwa maelezo kamili zaidi tuliyo nayo ya watu wa kawaida katika kijiji cha Uingereza cha karne ya 17.