Uhalisia wa Sura na Uhalisia wa Jina: Maonyesho ya Makumbusho ya Nairobi Yatazamwapo Kutoka Taita-Taveta

Neno uhalisia limetumika sana katika uhakiki wa riwaya na tamthilia za Kiswahili, lakini katika michoro na vinyago aghalabu huachiwa maana moja tu: kufanana. Maana hiyo haitoshi. Katika matumizi ya zamani neno sanamu lilitaja mchoro na kinyago pia, na makumbusho ni nomino itokanayo na kitenzi kumbusha. Kwa hiyo kila sanamu iwekwayo humo yapasa kuulizwa: inamkumbusha nani, na habari za nani?

Swali hili lina uzito wa pekee Taita-Taveta. Katika milima ya Taita, magharibi ya Voi, mzee alipofariki alizikwa. Baada ya muda kaburi lilifukuliwa, na fuvu likawekwa pangoni pamoja na ya watu wa ukoo wake. Desturi hiyo ilikoma Ukristo ulipoenea, ila mafuvu yangalimo mapangoni. Hapo hapakuwa na mwigo wowote. Aliyekumbukwa alikuwapo mwenyewe, miongoni mwa waliomjua.

Tukitoka hapo na kuziendea picha za Joy Adamson, tofauti ni kubwa. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimwajiri kuchora watu wa makabila ya Kenya, na sehemu ya kazi hiyo huonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ustadi wake hauna ubishi: ushanga, ngozi na makunyanzi ya uso yamechorwa kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, nyingi ya anwani zake hutanguliza kabila na hadhi, na mara nyingine hazifiki kwenye jina. Msanii alikusudia kuhifadhi mavazi na mapambo aliyoyaona yanatoweka. Aliyeyavaa akageuka kielelezo. Sura ipo, mtu hayupo.

Kigango cha Wagiriama ni kinyume chake. Ni gogo refu lililochongwa bapa, lenye chale za pembetatu, na kichwa chake mara nyingi ni duara tu. Hakifanani na mtu yeyote, lakini husimamishwa kwa ajili ya mtu mmoja, mwanachama wa Gohu, na jamaa zake humjua. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Watafiti Monica Udvardy na Linda Giles walihesabu 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Huko viliitwa sanaa. Jina la marehemu lilibaki Kilifi.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba uhalisia wa sura ni adui wa jina. Vigango viwili vilirejeshwa Kenya mwaka 2007 kwa kuwa Udvardy alikuwa amempiga picha mwenye mji akiwa kando yavyo mwaka 1985, kabla havijaibwa. Picha ile ilikuwa ushahidi kwa sababu mpigaji alijua ni vya nani. Kilichopungua katika michoro ya 1949 na baadaye, basi, si ufundi bali uhusiano.

Maonyesho ya mwaka 2021 yaliyotokana na mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo yalilitambua jambo hili. Orodha ilipita vitu 32,000 katika taasisi 30, na Nairobi yakawekwa makabati matupu. Kabati tupu ni uchongaji wa siku hizi ulio mkali: linaonyesha kutokuwapo. Lakini utupu nao unaweza kuwa wa jumla mno. Kabati lisilosema limekosa kitu cha nani linarudia kosa la picha isiyo na jina.

Ikiwa siku moja maonyesho ya namna hii yatafika Voi, hayatahitaji kuyaleta mafuvu mjini, wala haifai. Yatakachohitaji ni kuyafuata mapango kama kipimo: chini ya kila sanamu yaandikwe jina na ukoo, kwa lugha ya wenyewe, kabla ya jina la msanii.