Kwa Heshima ya Utingo

Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliandika kwamba kwa Wanyamwezi, kijana ambaye hajabeba mzigo hadi pwani alikuwa hajafaa kuoa. Wasukuma, ndugu zao wa kaskazini, nao walikuwamo kwenye misafara hiyo. Mpagazi alijitwika kilo 30 na zaidi, akamfuata kirangozi, kiongozi wa msafara, kupitia Tabora hadi Bagamoyo, akarudi baada ya miezi mingi akiwa mtu wa kusikilizwa barazani.

Kazi ile haijafa. Imepanda lori, na anayeirithi ni utingo.

Magu ipo kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari, karibu na pale Mto Simiyu unapoingia Ziwa Victoria. Ni nchi ya pamba na mpunga. Wakati wa mavuno vijana huzunguka magari wakitafuta kazi ya kupakia, na kila msimu yupo mmoja ambaye dereva humwita: panda, twende Dar es Salaam. Mbele yake kuna kilomita zaidi ya 1,100, na huenda hajawahi kuvuka Misungwi. Watu humwona mbeba spana tu. Mimi namwona mwanafunzi wa ufundi mgumu.

Ufundi wenyewe huanzia kwenye kamba. Magunia ya mchele yakipangwa vibaya, yote yakaegemea nyuma, ekseli moja hubeba zaidi ya wenzake, na mizani haisamehe: sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 huruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya tairi mbilimbili, hata kama uzito wote wa gari uko chini ya kikomo cha tani 56. Kwa hiyo utingo hupanga akiwaza mizani ya Vigwaza angali Magu. Kisha turubai, kisha kamba zinazokatizana juu yake, na fundo linalokaza kadiri unavyolivuta lakini hufunguka kwa mkono mmoja. Fundo hilo halifundishwi kwa maneno. Suka, yaani dereva, hulifunga mara moja, hulifungua, hukurushia kamba. Tena magunia hushuka kwa mtikisiko, kamba iliyokuwa ngumu asubuhi hulegea kabla ya Shinyanga, na utingo mzuri huomba gari lisimame akaze upya, hata suka akiwa na haraka. Hapo ndipo ninapompenda zaidi: mdogo kwa umri, mwenye neno juu ya mzigo.

Halafu kuna tairi. Kila kituo hushuka na kipande cha nondo, akagonga moja baada ya nyingine. Ile ya ndani, iliyojificha nyuma ya mwenzake, inaweza kuishiwa upepo bila jicho kuona, lakini sikio hujua: yenye upepo huurudisha mkono, isiyo nao hulipokea pigo kwa mshindo mzito.

“Umegonga?”

“Nimegonga, mzee.”

“Na za ndani?”

Asiyeweza kujibu swali la pili hushuka tena, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.

Baada ya Nzega na Igunga barabara hushika tambarare ya Wembere, kisha vilima vya Sekenke. Gari lililosheheni likiishiwa nguvu mlimani, utingo huruka na gogo mkononi, akaliweka nyuma ya tairi kabla breki hazijajaribiwa kupita uwezo wake. Muda wa kufikiri haupo. Kijana aliyeondoka Magu akipenda mlango wa gari na upepo wa njiani hujua hapo Sekenke kwamba maisha ya watu wawili, na mali ya mtu wa tatu asiyemfahamu, yamo mikononi mwake.

Singida, Dodoma, Morogoro hupita. Chalinze utingo halali, hukaa juu ya turubai akilinda mzigo, maana gunia likipungua, la kwanza kuulizwa ni jina lake.

Sokoni Dar es Salaam karani wa mwenye mali huhesabu gunia kwa gunia, na hesabu ikitimia hutia sahihi bila kumtazama aliyelinda. Kesho yake wanapakia saruji ya kurudi nayo. Suka anakunywa chai kibandani. Safari hii haji kukagua kamba.