Migomba ya Maabara: Hoja Mbili Zenye Kasoro

Katika soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, Wilaya ya Ubungo, mikungu huteremshwa kutoka Rungwe, Kilimanjaro na Morogoro. Mnunuzi huangalia unene wa kidole. Unene huo hutokana na majani, na majani ndiyo yanayoshambuliwa na ukungu uitwao Sigatoka nyeusi, ulioonekana Pemba mwaka 1987. Jani likikauka mapema, mkungu hukosa chakula. Makampuni ya Amerika ya Kati hunyunyiza dawa kwa ndege, pengine zaidi ya mara 40 kwa mwaka. Mkulima wa Bukoba hana ndege.

Mwaka 2007, huko Kawanda, Uganda, ilipandwa kwa majaribio migomba iliyotiwa jeni ya mpunga katika maabara ya Leuven, Ubelgiji, ili ihimili ukungu huo. Juu ya kazi za namna hii tunasikia hoja mbili.

Ndugu wa kundi la kwanza wanadai kwamba kila mbegu iliyotiwa jeni ni mrija wa mabeberu, kwa kuwa mkulima atalazimika kuinunua kila msimu. Hoja hiyo imetolewa kwenye mahindi chotara ikabandikwa kwenye mgomba bila kuchunguzwa. Mgomba haupandwi kwa punje. Mkulima hung'oa chipukizi akampa jirani, na hakuna kampuni iwezayo kusimama katika kila kihamba kuhesabu machipukizi. Tena ndugu hawa wamesahau migomba ya FHIA iliyoingia Kagera kuanzia mwaka 1997. Hiyo haikutiwa jeni, ilipatikana kwa uchavushaji. Lakini kituo cha Honduras kilichoizalisha kilirithi kazi ya United Fruit, kampuni ambayo Amerika ya Kati haijaisahau. Mbona mrija huo hawakuuona? Malalamiko yaliyosikika yalihusu ladha (na kwa aliyelelewa kwa matoke, hilo si jambo dogo).

Kundi la pili, la baadhi ya wataalamu wetu, tunalilaumu zaidi, kwa sababu lina elimu. Hao husema sayansi haina itikadi. Serikali ilipoagiza Novemba 2018 kusimamishwa kwa majaribio ya mahindi ya Makutupora, Dodoma, na msimamo huo uliporudiwa Januari 2021, walisikitika kana kwamba ni woga mtupu. Lakini jeni ya mahindi yale ilikuwa ya Monsanto, iliyoitoa bila malipo. Kilichotolewa bure kina mwenyewe. Ni nani aliyechagua kuanza na ukame wa mahindi badala ya ukungu wa mgomba? Na ukungu nao hubadilika. Jeni moja ikishindwa, mkulima atapiga hodi wapi?

Tunachodai ni kwamba, kabla ya chipukizi lolote la aina hii kuvuka mpaka, waeleze kwa maandishi: jeni hiyo itakuwa mali ya nani, watafiti wetu wa Maruku watakuwa na ruhusa ya kuipandikiza katika ndizi za Kihaya wanazozichagua wakulima wenyewe, au watapokea miche iliyokwisha tengenezwa?